Volvo 240 ya mzee kulala gereji winta nzima

Kaka, umeuliza kama uiwashe kila wiki huko Minnesota, usiiwashe, dakika kumi injini haijapata moto vizuri na unyevu unabaki kwenye egzosi inaliwa na kutu. Jaza tenki, tia dawa ya kutunza petroli, zunguka nayo kidogo, kisha toa betri. Hizo mati za kupunguza kelele unazotaka kubandika ndani ya gari, bandika sasahivi maana kwenye baridi hazishiki, ila kwanza toa kapeti uangalie kutu, ukibandika juu ya kutu umeifuga, na usijaze mlango mzima, robo ya bati la mlango inatosha kuua mtetemo, vitundu vya maji kule chini usivizibe hata kimoja. Egzosi ziba na stilwaya panya wasiingie, alafu weka karatasi kwenye usukani ya kukumbusha uitoe hiyo stilwaya kabla ya kuwasha, mimi nilisahau 😂