Farasi mtaani: majibu ya maswali yenu

Nina uwanja nyuma ya nyumba, wa kuegesha magari manne hivi. Unatosha farasi mmoja?

Swali hili linarudi kila mara, vipimo tu ndivyo hubadilika, na kila mara neno "mmoja" linapitishwa kama vile si kitu. Farasi ni mnyama wa kundi. Kundini, mmoja hujilaza huku mwenzake amesimama macho. Akiwa peke yake hata usingizi wake hautoshi. Mfungie kwenye uwanja huo, na haitachukua muda utamkuta ameng'ata mbao ya ua, shingo imekaza, anavuta hewa kwa mkoromo. Au anatembea kando ya ua huku na huko, mpaka kwato zimechimba njia. Watu watasema ana tabia mbaya. Hana tabia mbaya, amefungwa.

Kwa hiyo hapana. Hata uwanja ukiwa mara mbili ya huo, kama huna mwenzake wa kumpa wala mahali pa kumtoa akatembea kila siku, hapana. Farasi huishi miaka 25 hadi 30. Mweke kwa mwenye shamba kwa malipo, nawe uende kumpanda huko.

Jirani analalamika harufu na nzi. Samadi naizoa kila Jumamosi. Anataka nini zaidi?

Anataka uizoe. Farasi wa kilo 500 hutoa kinyesi cha kilo 20 au zaidi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe kufikia hiyo Jumamosi yako. Penye joto, yai la nzi huwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo ratiba yako ndiyo inayowalea.

Zoa asubuhi na jioni. Lundo likae mbali na ua wa jirani, juu ya sakafu ngumu, lifunikwe mvua isilitiririshe mtaroni. Lundo linalogeuzwa vizuri hupanda joto kupita nyuzi 55 katikati, na mabuu ya nzi na mayai ya minyoo hufa humo. Na ile harufu kali inayowasha macho chanzo chake ni mkojo uliolowanisha matandiko ya banda. Yatoe yote yaliyolowa hadi uione sakafu, usiyafukie kwa makavu.

Wengi wanaosema wanachukia farasi hawajawahi kukerwa na farasi. Wamekerwa na uvivu wa mwenye farasi.

Majirani humpa mkate na majani waliyofyeka bustanini. Wanampenda sana. Niwakataze?

Leo hii. Majani yaliyofyekwa kwa mashine yakirundikana huchacha upesi, farasi huyabugia bila kuyatafuna, na farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota anaweza kufa ndani ya saa chache. Katika takataka za bustani mkiwa na oleanda, kichaka cha maua chenye sumu kali, majani machache tu yanatosha kumuua.

Weka kibao uani, kisha uongee nao kwa upole, maana wanafanya kwa nia njema. Wape kazi ya maana: wakimwona anagaagaa, anageuka kutazama ubavu wake, au amesusa chakula, wakupigie simu saa yoyote.

Farasi hupiga kelele usiku?

Mara chache. Anayelia usiku kucha ana njaa, ana kiu au yuko peke yake.

Mke wangu anaogopa kupita karibu na farasi wa jirani. Nimwambie nini?

Usimcheke, hofu yake ina msingi. Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa, na akishtuka hurusha teke. Apite kwa ubavuni, mbali kidogo, huku akiongea ili mnyama ajue yupo. Nanyi madereva, kumpigia honi farasi aliyepandwa ni kucheza na roho ya mtu. Punguzeni mwendo, mpisheni. Na anayetimua mbio katikati ya nyumba za watu ndiye anayewaponza wenye farasi wote.

Nina kibali cha manispaa, lakini majirani wameandika barua farasi aondolewe. Sheria iko nami, sivyo?

Huenda. Ila ulizungumza nao kabla ya kumleta? Husemi, na wengi wanaoniuliza swali kama lako hawasemi. Nenda nyumba kwa nyumba, kibali ukiache kabatini. Mmoja atasema nzi, mwingine kinyesi barabarani, mwingine ua uliolegea pale anapocheza mwanawe. Hayo yote unayaweza. Atakayebaki hataki farasi basi tu, na huyo ndiye wa kuonyeshwa kibali.

Kama kero ni za kweli na huziwezi, mtafutie mahali pazuri mapema. Farasi anayeuzwa kwa haraka huangukia mikononi mwa yeyote.

Tuna watoto wadogo. Kuna ugonjwa wa kuogopa?

Pepopunda kwanza. Vimelea vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha farasi, huingia kupitia jeraha, hata la mwiba. Hakikisheni chanjo za watoto zimekamilika, zenu pia, na za farasi mwenyewe.