Farasi wa vita kwenye gemu ya pwani: kipimo kinachokosekana ni joto

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko vijana watatu hapa Bagamoyo, tunatengeneza gemu ya kompyuta. Dunia yake ni ya kubuni: ufalme wa pwani wenye miji ya mawe kama Kaole, visiwa, mito na milima, na jeshi la malkia linalopanda farasi. Kwa sasa farasi ana kipimo kimoja tu cha nguvu. Kikiisha anasimama, akipumzika dakika moja kinajaa tena. Askari mwenye deraya kamili (vazi la chuma la vita) anatoka bandarini alfajiri, anafika ngome ya mlimani, kilomita 150, jioni ileile, kisha anaingia vitani. Waliotujaribia gemu wanasema farasi wetu ni pikipiki yenye mkia. Tufanye nini awe farasi kweli, bila kumchosha mchezaji kwa hesabu?

JIBU: Marhaba mwanangu. Hao waliowajaribia wamesema kweli, na nimefurahi kwamba mmewasikiliza. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Tanga. Kazi yangu ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na punda, lakini farasi wachache niliowatibu wamenipa somo moja ambalo kwenye gemu yenu halimo: huku pwani farasi huangushwa na joto kabla hajaangushwa na uchovu.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa usiku kumwona farasi jike aliyeletwa kutoka nyanda za juu, kukiwa na kaskazi, majira yetu ya joto. Alikuwa amesimama bandani tangu mchana, hajapandwa na mtu, lakini pua zimepanuka na mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto. Nilipitisha kiganja shingoni, nikapitisha tumboni: pakavu. Mimi na mtunzaji wake tulikuwa tumelowa jasho, yeye hana hata tone. Farasi wa sehemu za baridi akikaa kwenye joto la unyevu tezi zake za jasho zinaweza kuacha kufanya kazi, na bila jasho hana namna ya kujipoza. Tulimmwagia maji ya kisima ndoo kwa ndoo mpaka adhana ya alfajiri. Alipona, ila ilibidi arudishwe kwao.

Sababu ya farasi kushindwa na joto iko kwenye misuli. Katika nguvu yote ambayo farasi anaichoma akikimbia, sehemu kama moja ya tano au moja ya nne ndiyo inayomsogeza. Iliyobaki inageuka joto. Akiwa ametulia joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Likipita 41 yuko hatarini. Akikimbia kwenye jua anaweza kutoka jasho lita 10 hadi 15 kwa saa, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko letu, kwa hiyo maji matupu hayamtoshi. Hapo mmepata utajiri wa kuchezea: chumvi. Bagamoyo mna mashamba ya chumvi, nendeni mkayaone. Katika ufalme wenu, anayeshika mashamba ya chumvi anashika wapanda farasi.

Kwa hiyo mpeni farasi vipimo viwili. Cha kwanza ni pumzi: kinashuka haraka na kinapanda haraka, kama hicho mlichonacho. Cha pili ni joto: kinapanda polepole, na hakishuki kwa kusimama tu. Kinashuka kwa kivuli, kwa upepo, kwa kuvuliwa tandiko na kumwagiwa maji. Mchezaji hahitaji kuona tarakimu. Mwonyesheni povu jeupe shingoni, kichwa kinachoinama, hatua zinazojikwaa. Na majira yaingie kwenye hesabu: wakati wa kusi, kukiwa na ubaridi, farasi anafanya kazi mchana, wakati wa kaskazi asafiri usiku. Jahazi za kutoka Arabuni huja na kaskazi, maana yake farasi wapya wa malkia wangeshuka bandarini katika miezi mibaya kuliko yote kwao. Jemadari anayewapeleka vitani wiki hiyohiyo awapoteze.

Sasa mwendo. Lugha yetu ina maneno ya kutosha, yatumieni kwenye vitufe vyenu. Farasi akienda hatua za kawaida anafanya kama kilomita 6 kwa saa. Akienda matiti, yaani mbio za polepole, ni 13 hadi 19. Mbio za shoti zinafika 40 na kuzidi kidogo, lakini hizo ni za dakika chache. Safari nzuri ya siku kwa jeshi lenye mizigo ni kama kutoka hapa Tanga hadi Pangani, kilomita 50 hivi. Zile 150 zenu ni siku tatu, na siku ya tatu hafai kuingia vitani.

Uzito nao mmeuonea huruma mno. Kiasi ambacho farasi anabeba kwa kazi ndefu bila kuumia ni kama asilimia 20 ya uzito wake. Mwenye kilo 450 anabeba kilo 90: askari wa kilo 70, tandiko, mkuki, basi. Mkimvisha askari deraya ya chuma ya kilo 25, tandiko la vita la kilo 15, na farasi mwenyewe deraya ya kilo 30, jumla inafika kilo 140, yaani asilimia 31. Anaweza kushambulia hivyo, kisha arudi nyuma apumzike. Hawezi kusafiri hivyo. Mashujaa wa Ulaya wa zama za kati walilijua hili: safarini walipanda farasi mwingine, na farasi wa vita aliongozwa kando bila mtu mgongoni, deraya ikiwa kwenye mnyama wa mizigo. Kwa hiyo askari mmoja mwenye deraya ana wanyama watatu na mtumishi. Mkilitia hilo tu, jeshi la malkia litapungua ukubwa na kila farasi atakuwa na thamani machoni pa mchezaji. Gemu nyingi zimejengwa kwa ile ya punda afe mzigo ufike. Yenu naomba isiwe hivyo.

Lishe nitaipitia haraka. Farasi anahitaji majani makavu kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 9, na maji lita 40 kwenye joto letu. Farasi 100 ni ndoo 200 za lita 20 kila siku. Tumbo lake ni dogo na hawezi kutapika, hivyo akipewa nafaka nyingi ghafla baada ya njaa anapata msokoto wa tumbo na anaweza kufa. Mchezaji anayeteka ghala la adui na kuwashibisha farasi wake usiku huo alipie kosa hilo asubuhi.

Niliyokuwa nasubiri kuyasema ni ya mbung'o, maana hapa ndipo gemu yenu inaweza kuwa ya kwetu. Mbung'o hubeba vimelea vya nagana, na farasi ni mmoja wa wanyama wanaoumizwa zaidi na ugonjwa huo: homa, macho kutoa machozi, miguu na tumbo kuvimba, kukonda, kisha kuyumba. Msafiri Mzungu Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa mwanzoni tu mwa safari. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini walioingia nchi hii kupigana na Wajerumani walipoteza wanyama maelfu kwa maelfu, kwa nagana na kwa homa ya farasi, wengi zaidi kuliko waliowapoteza kwa risasi.

Mbung'o huuma mchana, hukaa kwenye vichaka na kivuli cha kingo za mito. Chukueni ramani yenu, mpake ukanda huo kila penye mto na msitu mzito. Anayepita hapo mchana asione chochote siku ile. Dalili zije baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa, akiwa mbali. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yetu hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na hapendi kutua kwenye mistari. Basi sare za malkia zisiwe za buluu, na mafundi cherehani wa mjini waweze kuwashonea farasi vazi la mistari kama punda milia.

Usiku nao una adui wake: usubi, vidudu vidogo sana vya kuuma, ambao hueneza homa ya farasi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kwa hiyo anayekwepa mbung'o kwa kusafiri usiku anaingia kwa usubi, na anayekwepa jua pia. Hapo mchezaji ana uamuzi wa kweli mkononi, na hakuna jibu moja linalofaa safari zote.

Visiwa vipeni heshima yake. Mbung'o wa Unguja walimalizwa katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume tasa yaliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti hapahapa Tanga, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1997. Kwenye ufalme wenu kisiwa kisicho na mbung'o ndicho kiwe zizi la taifa. Mimba ya farasi huchukua miezi 11, na mtoto hafai kupandwa vitani kabla ya miaka minne au mitano. Anayekiteka kisiwa hicho ameua jeshi la kesho.

Mwisho, wapeni wachezaji punda na baghala, yaani mtoto wa punda na farasi. Punda homa ya farasi haimwangushi kwa urahisi, na baghala yuko katikati ya wazazi wake: ana nguvu ya farasi na uvumilivu wa punda. Hawana kasi, hawatishi uwanjani, lakini ndio watakaofikisha deraya, maji na chumvi mpaka chini ya ngome. Ramani ikiwa tayari nitumieni, niwachoree mipaka ya mbung'o mto kwa mto.