Dia kashaanguka, sasa unamtoaje msituni peke yako? Majibu ya maswali yenu

Msimu wa kuwinda dia kwa bunduki hapa Minnesota, Marekani, unafunguliwa Jumamosi ya mwanzoni mwa Novemba, na kila mwaka Oktoba ikiingia simu yangu haitulii. Nasema dia kwa sababu ndivyo tunavyomuita huku, wengine wanasema swala, wengine kulungu, ila huyu ni mnyama mwingine kabisa, dume lake pembe zinadondoka kila baridi halafu linaota mpya, swala wa kwetu hana hiyo. Safari hii wengi mnaoniandikia mnataka kwenda wenyewe maana jamaa wote wana shifti za wikiendi. Nimechukua maswali machache, mengine nimeshawajibu inbox.

"Kaka, niko Rochester, leseni ninayo, kozi ya usalama wa bunduki nimemaliza, wa kwenda naye ndio sina. Kwenda peke yangu ni kosa?"

Kisheria sio kosa. Mimi huu mwaka wa tisa naenda peke yangu. Ila lazima kuna mtu ajue uko wapi, na sio kumwambia "nipo huko kaskazini", hapana, mtumie pini ya ulipopaki gari, pini ya mti utakaokaa, saa utakayotoka na saa ambayo akikukosa apige 911, namba ya dharura. Mimi na mke wangu tumekubaliana saa mbili usiku, na hana mjadala, ikifika anapiga. Simu kaa nayo mfuko wa ndani kabisa karibu na kifua, baridi inakula chaji unaangalia hivi hivi, asubuhi ina 80 mchana imezima. Filimbi shingoni, tochi ya kichwa na betri za akiba, kiberiti kwenye kimfuko kisichopitisha maji. Ukipanda stendi ya mtini vaa hanesi, ile mikanda ya kukushikilia usianguke, toka mguu unapotoka ardhini mpaka urudi chini, na bunduki usipande nayo, ifunge kamba ikiwa haina risasi uivute ukishakaa. Ukianguka mko wawili mwenzako atakuona, ukianguka uko peke yako utalala hapo na mfupa wako mpaka usiku.

"Mwaka jana nilimpiga jioni, akaruka, nikamkimbilia hapo hapo. Nikamfukuza mpaka kwenye kinamasi nikampoteza. Nilikosea wapi?"

Pole sana ndugu yangu, najua inavyouma, unalala usiku unamuwaza. Ulikosea pale ulipokimbia. Dia aliyepigwa asiposikia mtu nyuma yake mara nyingi anaenda kidogo tu anatafuta pa kulala, na akilala ndio anaishia hapo. Akikusikia anaamka, na akiamka na ile hofu anaweza kwenda mbali mno.

Ukishapiga kaa. Angalia saa. Kariri mti wa mwisho ulipomuona. Mikono ikiacha kutetemeka shuka taratibu uende pale aliposimama, usome damu. Nyekundu ya kung'aa yenye mapovu ni mapafu, huyo nusu saa inatosha na pengine ameshalala karibu. Damu nzito inayoelekea weusi ni ini, mpe masaa matatu manne. Ukikuta maji maji ya kijani na harufu ya matumbo, rudi nyuma kimya kimya, huyo anataka masaa sita, nane na zaidi, na kama ni jioni na kuna baridi ya kutosha unarudi asubuhi. Ngumu lakini ndio hivyo.

Unapofuata damu tembea pembeni yake usiikanyage, na kila tone unaloona ning'iniza kipande cha toilet paper kwenye tawi. Damu ikikatika geuka nyuma, ule mstari wa karatasi utakuonyesha alikuwa anaelekea wapi. Ukirudi uziokote. Na kama anaelekea shamba la mtu nenda kagonge mlango uombe, bora zaidi ukamsalimie jirani kabla ya msimu. Ukimkuta mfuate kutokea mgongoni, mguse jicho kwa fimbo ndefu, akipepesa bado yu hai.

"Mimi ni mwanamke, nina kilo 60, nawinda karibu na Duluth. Dume zima peke yangu nitalitoaje?"

Dada, hili ndilo swali lenyewe, na wanaume wenye kilo mia hawalifikirii mpaka mnyama yuko chini. Dume lililokomaa la huku kwa kawaida lina kama kilo 77 likiwa hai, jike kama 65. Ukimtoa matumbo hapo hapo alipoangukia unapunguza karibu moja ya tano, lakini bado una kilo sitini za mzigo usio na mahali pa kushika vizuri. Kwa hiyo kabla hujavuta triga jiulize: akianguka pale, namtoaje? Mimi nina mstari wangu kwenye ramani, zaidi ya nusu maili kutoka njia ya gari sipigi nikiwa peke yangu, awe na pembe za namna gani.

Huo mstari niliuweka baada ya mwaka wangu wa tatu. Nilipiga jike saa kumi jioni, likateremka korongoni likafia kwenye matete. Huku mwezi huo kabla ya saa kumi na moja jua limeshazama. Nimemaliza kulipasua giza tupu, mvuke unapanda kutoka kifuani mwake kama sufuria imefunuliwa, vidole vyangu vinapata joto mle ndani na nikivitoa tu vinauma. Nikaanza kuvuta kupanda kilima nimevaa jaketi zito. Nusu saa baadaye nimelowa jasho mpaka fulana, nikakaa kupumzika, na ile baridi ikaniingia mpaka meno yakagongana na kamba siwezi kuifungua. Nikamuacha pale, nikaenda kwenye gari kuwasha hita, nikampigia jirani mmoja mzee. Alikuja na sledi ya plastiki ile ya kuvutia vitu kwenye barafu, dakika arobaini tumemaliza. Nilimuomba msamaha yule mnyama kwa kumlaza kwenye tope masaa yote yale, na nilikuwa namaanisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Vua jaketi KABLA ya kuanza kuvuta, lifunge kwenye begi, utavaa ukipumzika. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya michezo, pamba ikilowa haikusaidii kitu. Sledi ya plastiki nunua, sio bei, kwenye theluji na majani makavu inateleza yenyewe. Kama huna, mvute kichwa kikitangulia siku zote, manyoya yamelala kuelekea nyuma kwa hiyo hivyo anateleza, ukimvuta kwa miguu ya nyuma kila unywele unakupinga. Miguu ya mbele ifunge pamoja na kichwa isinase kwenye vichaka, kamba iwe fupi ili kichwa kinyanyuke kidogo, mwisho wa kamba funga kijiti cha kushika au mkanda wa kupita begani, usizungushe kamba mkononi. Hatua hamsini, simama, pumua. Hatua hamsini tena. Madaktari Michigan waliwahi kuwafunga wawindaji vipimo vya moyo, wengi wao moyo ulipiga juu zaidi kule porini kuliko kwenye mashine ya kukimbilia hospitali. Mwenye presha au aliyekaa mwaka mzima kwenye kiti cha lori anielewe hapo.

Njia ya mbali au kilima kikali, mkate vipande ubebe mgongoni mara mbili tatu. Ila soma kwanza kitabu cha sheria za jimbo lako, mengine yanataka kichwa au alama ya jinsia ibaki na nyama, na tegi, ile kadi ya leseni inayofungwa kwenye mnyama, lazima iwe imeshajazwa. Mkokoteni wa magurudumu mawili nao mzuri kama njia iko wazi.

Na usimbebe mzima mabegani hata kama unaweza. Kuna mtu na bunduki yake mbele huko anaona masikio na manyoya yanatembea. Mfunge kitambaa cha rangi ya machungwa ile ya kuwaka, na wewe yako usivue.

"Kumpasua naogopa, nikitoboa utumbo nyama si imeharibika?"

Haijaharibika, inafutwa na kukatwa pale ilipogusa, usiitupe. Mlaze chali. Kisu kifupi tu. Anza chini ya mbavu, ingiza vidole viwili uinue ngozi, makali ya kisu yaangalie juu katikati ya vidole hivyo, pasua taratibu kwenda nyuma. Zungusha kisu kwenye njia ya haja, vuta, funga kamba. Kata ule utando unaotenga kifua na tumbo, ingiza mkono mpaka kooni, kata koromeo, vuta, vyote vinakuja pamoja. Kibofu ndio uangalie. Halafu mgeuze damu itoke. Adui mkubwa ni joto, unataka nyama ishuke chini ya nyuzi 4 za Selsiasi haraka, na siku za Novemba zenye jua tia mifuko ya barafu ndani ya kifua.

"Sheikh, hiyo nyama halali?"

Mimi sio sheikh, ni Muislamu wa Tanga tu, nakwambia ninavyofanya. Bismillah nasema pale pale ninapofyatua. Nikimkuta bado ana uhai namchinja, nikimkuta keshakufa kwa jeraha langu nakula, na iko hadithi ya Adiy bin Hatim kuhusu mshale inayosema hivyo, pamoja na kwamba ukimkuta amezama majini usile. Kwa risasi wanazuoni wengi wa sasa wanaruhusu kwa vile inatoboa, na wapo wasioruhusu mpaka umuwahi hai. Muulize imamu wako kabla ya msimu, sio mnyama yuko chini.

"Mama wa watoto watatu hapa. Nasikia dia wana ugonjwa wa ubongo, na risasi zina sumu. Niwape wanangu?"

Ugonjwa upo, unaitwa CWD, ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na huku Minnesota kwa dia wa porini tangu 2010. Hakuna binadamu aliyethibitika kuupata, lakini ushauri ni kutokula mnyama aliyekutwa nao, kwa hiyo peleka kichwa kipimwe na subiri majibu kabla ya kupika. Ubongo na uti wa mgongo acha, na kabla ya kuhamisha mzoga soma sheria za jimbo lako.

Risasi ya ledi, yaani madini yenye sumu, inasambaa vipande vidogo usivyoviona. Mwaka 2008 North Dakota na hapa kwetu walizuia nyama ya dia kwenye vituo vya chakula cha msaada kwa sababu hiyo. Mimi nilihamia risasi za shaba, na nyama iliyo karibu na jeraha naikata kwa upana bila kuionea huruma. Kwa watoto wadogo ni shaba tu dada yangu.

"Nina green card, bunduki naruhusiwa?"

Sheria ya shirikisho inaruhusu mkaazi wa kudumu. Wenye viza za muda hesabu ni nyingine, muone wakili wa uhamiaji kwanza. Na kozi ya usalama hapa ni lazima kwa aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979.

"Mke wangu hataki kuiona, anasema inanuka."

Ndani ya miguu ya nyuma, kwenye goti la kati, kuna manyoya meusi yenye harufu kali, ukiyashika usishike nyama mpaka unawe na kisu ukioshe. Halafu mafuta yake yatoe yote, mafuta ya dia yanaganda mdomoni, na ule utando mweupe uchune. Mgongo fanya mishkaki, papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu, moto mkali muda mfupi. Miguu ya mbele ndio supu, moto mdogo masaa matatu, pilipili manga, ndimu ukishaepua. Mpelekee bakuli la hiyo kwanza, mishkaki baadaye.