Je, Sindano ya Mwanangu Inapunguza Tawakuli Yangu?

Swali: Mwanangu wa miaka 9 ana kisukari na hudungwa insulini kila siku. Msomaji mmoja wa ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua cha kumponya mgonjwa) ameniambia kuwa visomo vinatosha, na kwamba mtoto haponi kwa sababu bado naitegemea sindano. Tangu jana nimeficha dawa, na usiku ameamka mara nne kuomba maji. Je, imani yangu ndiyo ndogo?

Jibu: Dada yangu, kabla hujamaliza kusoma, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi na uwaeleze kuwa amekosa insulini tangu jana, kwani kiu hiyo ni dalili ya sukari kupanda, na mtoto wa namna hii akikatiziwa insulini huweza kufariki katika siku chache. Haya mengine utayasoma ukiwa umeketi kando ya kitanda chake.

Wasemao kuwa visomo vinatosha bila dawa hushika Hadithi ya watu 70,000 watakaoingia Peponi bila hesabu, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Laiti wangeisoma yote! Wanaosifiwa humo ni wale wasioomba kusomewa ruqya, wasioamini mikosi, wasiojitibu kwa kuchoma moto, na ambao kwa Mola wao hutegemea, na huko ndiko kuwa na tawakuli. Ikiwa Hadithi hiyo inakataza tiba, basi cha kwanza inachokukataza ni kumwendea msomaji huyo. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipigwa chuku (kuumikwa damu kama tiba), na mabedui walipomuuliza kuhusu kujitibu aliwaamuru wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hata Nabii Ayyub, ambaye kupona kwake kulikuwa muujiza, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, aoge na anywe.

Wanazuoni wamekhitilafiana kama kujitibu ni wajibu, lakini pale ambapo kuacha tiba kunaangamiza roho, na roho yenyewe ni ya mtoto uliyekabidhiwa, mimi sioni nafasi ya khitilafu.

Ama imani yako, mkumbuke yule mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa, ambaye Mtume alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo au kuombewa apone. Alichagua kusubiri, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka. Hakupona, na ni nani atakayethubutu kusema imani yake ilikuwa ndogo?

Mwombee mwanao shifa bila kukata tamaa. Msomee Fatiha wewe mwenyewe, mkono wako ukiwa juu yake, kisha mdunge sindano yake kwa wakati. Na akikuuliza dawa zake zilikuwa wapi, mwambie ukweli, wala asisikie kamwe kwamba anaumwa kwa sababu yako.