Kwa mnaoanza rombasi: gawanyeni mishazari kwanza

Vijana wangu wa S.3 (kidato cha tatu), nimemaliza kusahihisha madaftari yenu hapa Mbale, Uganda, na kosa la kaka na dada zenu limerudi vilevile. Swali: mishazari (mistari ya kutoka kona hadi kona inayotazamana) ya rombasi, umbo la pande nne zilizo sawa, ni sm 16 na sm 12, tafuta upande. Wengi mmeandika 20.

1. Najua 20 imetoka wapi. Mmeona namba mbili, mkamkumbuka Pythagoras na pembetatu mraba yake, yenye pembe ya nyuzi 90, mkajumlisha vipeo vya pili vya namba hizo, 256 na 144. Kwa kuwa kipeuo cha pili cha 400 kinatoka kamili bila desimali, mkaamini mmepata. Hapo ndipo mnaponaswa kila mwaka! Ndani ya umbo hilo hakuna pembetatu mraba yenye 16 na 12. Mishazari ya rombasi hukatana katikati kwa nyuzi 90, ikaacha pembetatu nne zilizo sawa. Kila moja ina 8 na 6, na upande wa rombasi ndio hipotenusi, yaani upande unaotazamana na pembe ya nyuzi 90. 64 na 36 ni 100, basi upande ni 10. Msichana mmoja wa darasa lililopita aliitetea 20 yake mbele ya wenzake wote. Nikampa karatasi na mkasi. Akakata rombasi, akaikunja kufuata mshazari mmoja, kisha wa pili, akaipima kwa rula ile pembetatu iliyobaki mkononi. Akarudi kwenye dawati, akafuta mzingo (jumla ya pande nne) wa 80, akaandika 40. Nilifurahi kuliko angepata jibu mara ya kwanza, maana yule hakosei tena. Wala msidhani ni suala la maksi tu. UCE, mtihani wa kumaliza S.4, ya mtaala mpya, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2024, inawaletea visa vya maisha, na mwenye bustani ya umbo hili akikufuata wewe, atanunua waya wa uzio mara mbili ya anaouhitaji.

2. Mshazari hugawa pembe pia. Mshazari mfupi sm 12, pembe kali nyuzi 70: fanya kazi na 6 na 35. Sita gawanya kwa sine (kitufe cha sin) ya 35, upande ni karibu sm 10.5. Mshazari mfupi hutazamana na pembe kali, mrefu na pembe butu, kwa hiyo chora kabla ya kushika kalkuleta.

3. Pembe kali ikiwa 60, mshazari mfupi ni sawa na upande. Umemaliza.

4. Kalkuleta iwe kwenye digrii.

5. Upande wa rombasi daima huzidi nusu ya mshazari mrefu, lakini haufikii mshazari mrefu wenyewe. Mshazari mrefu ukiwa 16, upande wa 20 utoke wapi? Ukaguzi huu hauhitaji hata kalamu, na bado watu wanakusanya daftari bila kuufanya. Jumatatu nataka swali lile lirudiwe na nyote, hata waliopata, pamoja na mchoro wenye 8 na 6 juu yake.