Kambi ya likizo, watoto 30, hela hamna: wacheze nini?
Pole dada, nimekusoma. Watoto 30 wa miaka 6 mpaka 12, siku tano, bajeti hamna na mwaka jana siku ya pili tu wakaanza kuboreka. Mimi nimesimamia kambi za likizo ya Juni miaka kadhaa na kilichoniokoa ni rede, mpira wa soksi kuukuu, chupa ya plastiki na mchanga basi, wawili wanarushiana mpira, wa kati anakwepa huku anajaza chupa, akipigwa katoka, hapo hata wale wapole utawasikia wanapiga kelele. Wadogo wape mdako, kishimo na vijiwe tu.

Mchana jua likiwaka kaa nao kivulini watengeneze magari ya makopo, matairi visoda, inakula masaa mawili, ila makopo kata mwenyewe na kingo uzikunje kabisa maana zinachana vidole vibaya sana.

Kingine, siku ya kwanza waulize wazazi nani ana pumu na dawa yake iko wapi. Akibanwa kifua na dawa haimsaidii usisubiri mzazi, mkimbize hospitali. Na baharini usiwapeleke kama hamna mtu mzima anayejua kuogelea vizuri.