Usimhamishe mtoto eti kwa sababu daftari lake ni jeupe

Juzi mama mmoja ameniandikia. Mwanawe ana miaka minne, yuko chekechea ya kulipia inayofuata Montessori, yaani mfumo ambao mtoto anajifunza kwa kuchagua na kushika vitu mwenyewe, na tangu Januari daftari halina hata mstari. Mtoto wa jirani, umri uleule, anaandika a mpaka z. Anauliza amhamishe?

Dada yangu, usiwe na haraka.

Binti yangu alianzia shule nyingine hapa Dar, ambako madaftari yalijaa kweli kweli. Kurasa za a, e, i, o, u, halafu kazi ya nyumbani huku mtoto anasinzia. Alikuwa hajafikisha hata miaka minne. Asubuhi tumbo likawa linamuuma. Siku niliyomkuta anafuta herufi mpaka karatasi imetoboka kwa kuogopa fimbo, nilimtoa. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Huku alikohamia, shule ya Montessori, mtoto anachagua kazi yake mwenyewe kwenye rafu, anatandika mkeka, akimaliza anarudisha kitu mahali pake. Yeye alichagua kumimina maji toka jagi hili kwenda lile. Kesho yake maji tena. Wifi yangu akasema mbele ya ukoo mzima, “Ada yote hiyo mtoto akachezee maji? Si hata bombani uani yapo!” Watu wakacheka. Nilinyamaza, lakini sijasahau.

Mwalimu ndiye aliyenifungua macho: mkono unaomimina bila kumwaga ndio utakaoishika penseli vizuri. Baada ya maji zilikuja herufi za msasa, mtoto anazipapasa kwa vidole huku akitamka sauti ya kila herufi. Ukaja mnara wa pinki, vipande 10 vya mbao, kidogo kina sentimita 1 na kikubwa sentimita 10. Akikosea kupanga anaona mwenyewe, hahitaji alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Mwezi huu, tukiwa kituoni, alinyoosha kidole kwenye daladala akasoma, “Ge-re-za-ni.” Hakuna aliyemwambia asome. Nilitamani wifi angekuwepo.

Na wanaosema haya ni mambo ya matajiri, wajue Maria Montessori, daktari wa Italia, alianza mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma, na watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Nyumbani mpe mwanao choroko na vikombe viwili. Mwache amimine, amwage, aokote. Usimmalizie kazi yake! Wazazi tumezidi kushindanisha watoto kama kuku wa mnadani, na anayelipia ushindani huo ni mtoto.

Ila jina Montessori halina mwenyewe, shule yoyote inaweza kuliandika getini. Kwa hiyo, dada, kabla ya kuamua omba ukae pembeni ya darasa asubuhi moja. Tazama kama rafu ziko usawa wa mtoto, kama wa miaka mitatu na wa sita wako pamoja, kama mwalimu anainama kumsikiliza mmoja mmoja. Mtazame na mwanao: anachagua kitu, anakaa nacho, anakirudisha? Ukiyaona hayo, mwache hapo na daftari lake jeupe. Ukikuta wamepangwa kwenye madawati wanaimba a, e, i, o, u kwa pamoja, mhamishe, wala usisubiri muhula uishe.